Kunyolewa Mbele ya Matanga

Mwaka wa 1977, mwezi wa kwanza, nilikuwa musichana wa miaka kumi na mbili. Taabu yangu ilianzia hapo. Wanaosema kwamba volkano ndiyo iliniharibia maisha wanasema nusu. Volkano ilichukua papa, baba yangu. Mengine tulijifanyia sisi watu wenyewe, kwa wembe.

Miaka miwili mbele ya hapo, nikiwa na miaka kumi, papa alinipeleka Ruhengeri, Rwanda, nikasome kule. Kwetu Zaire serikali ilikuwa imewanyang'anya mapadri shule, na mwalimu alifundisha siku mbili, akakaa siku tatu. Papa alikuwa mukulima. Shamba lake lilikuwa juu ya Goma, kwenye miguu ya mulima, na maharagwe yake aliyauzisha Ruhengeri kwa muzee mumoja, karani wa ofisi. Biashara ikageuka urafiki. Siku moja, wakiwa kwenye pombe ya ndizi, yule muzee akamwambia: "Niletee ule mutoto wako mwenye kichwa. Wangu wanakula, naye atakula." Maneno yakaishia hapo. Hakuna karatasi iliyoandikwa.

Mwanzo ulikuwa mubaya, nitasema kweli. Wasichana wawili wa ile nyumba walicheka Kinyarwanda changu cha Goma, wakacheka hata namna yangu ya kumega bugali. Waliniita Muzayirwa, mutu wa Zaire.

"Muzayirwa, kwenu munalala na viatu?"

"Kwetu hatulali. Tunacheza muziki mpaka asubuhi."

Yule mukubwa alicheka mpaka maziwa yakamutoka puani. Kutoka siku ile tulilala mukeka mumoja.

Mama wa ile nyumba alikuwa mutu wa maneno machache. Aliona kwamba nangoja kila siku niambiwe ninywe. Akaniuliza: "Humu mugeni anakaribishwa maziwa mara moja. Mara ya pili anajimiminia. Wewe una wiki ngapi humu?" Nikajimiminia. Hakujua kusoma, lakini kila jioni alifungua daftari langu na kuhesabu alama nyekundu za mwalimu. "Leo wamekuchinja," alisema zikiwa nyingi, na usiku ule nilirudia masomo bila kuambiwa. Mama yangu nilimupenda. Lakini yule wa kule ndiye aliyejua siku gani nimeshindwa hesabu.

Siku chache mbele ya Noeli alikufa akizaa, yeye na kitoto.

Siku ya kumaliza matanga, dada ya muzee alileta beseni ya maji na wembe. Watoto wakakaa mukekani kwa mustari, wakubwa mbele. Mimi nilisimama mulangoni. Yule dada akasema: "Huyu mumuache. Mama yake ni muzima. Mutoto mwenye mama hanyolewi matanga ya mama, ni kumuitia kifo." Nilijua. Kwetu ni vile vile. Muzee aliangalia chini. Kisha yule musichana mukubwa, rafiki yangu, akasogea kidogo mukekani, pakawa nafasi.

Nikakaa. Miaka hii yote watu wananitafutia sababu, eti nilikuwa mutoto, eti walinidanganya. Hapana. Nilijua, na nilikaa.

Siku nane hazikupita, mulima ukapasuka. Ruhengeri watu walisema Goma imekwisha. Muzee akanipandisha lori ya viazi, akapanda naye, na mupaka tukauvuka kwa miguu. Goma ilikuwapo. Moto ulikuwa umesimama mbele ya kufika mujini. Mama nilimukuta Majengo, kwa shangazi, dada ya papa, pamoja na wadogo zangu watatu. Papa alikuwa ameenda shamba asubuhi. Moto wa mwaka ule ulikimbia kama maji. Pale palipokuwa shamba tulikuta jiwe jeusi linatoa moshi, na hata jembe lake hatukupata.

Mama alinikumbata akilia. Kitambaa changu kikaanguka, na mikono yake ikanishika kichwa. Ikasimama pale pale. Akaacha kulia.

Shangazi ndiye aliyesema. "Hiki kichwa kilinyolewa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya bibi yangu, mama," muzee akajibu, kofia mukononi. "Alimulea kama..."

"Sikukuuliza wewe, muzee. Namuuliza huyu." Akapitisha kidole juu ya kichwa changu. "Hizi nywele ni za siku kumi. Ndugu yangu alikuwa angali analima, wewe ulikwisha kukaa matanga! Ulimutanguliza kwenye kifo!"

Nilimuangalia mama. Nilitaka neno moja tu. Yeye akamugeukia muzee: "Asante kwa mutoto. Kuna chai."

Siku ya kumaliza matanga ya papa, mama mwenyewe alishika wembe. Mimi ni kifungua mimba, nilikaa wa kwanza. Akafika kwangu.

"Wewe ulikwisha kunyolewa," akasema. Akanipita, akaanza na mudogo wangu.

Kwetu mutoto asiyenyolewa matanga ya baba yake hakumuaga. Wakati wa kugawa nguo za papa sikuitwa. Mudogo wangu alipooa sikuitwa kukaa na wakubwa. Yule muzee aliandika barua mbili akiomba nirudi shuleni. Katekista alimusomea mama, nami nikiwa nyuma ya ukuta wa mbao. Mama akajibu: "Alikwisha kupata mama kule. Akienda, hatarudi." Masomo yangu yakaishia pale, mwaka wa tano wa shule ya musingi. Wale wasichana wawili sijui waliko. Mwaka wa 1994 niliwatafuta siku nyingi kati ya watu waliovuka mupaka. Sikuwaona.

Sikukaa nikilia. Nikiwa na miaka kumi na sita nilianza kufuata makayabu, samaki wa chumvi, Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, na kuwauzisha Goma. Nililala juu ya magunia, nikanuka samaki mpaka kanisani watu walisogea mbali nami. Bwana alikuja, akaenda. Watoto wakabaki, nikawasomesha. Mama alikula samaki wangu miaka yote ile. Lakini alinisalimia kwa mukono, namna mutu anavyosalimia mama wa jirani.

Mwaka wa 1996 waasi waliingia Goma. Vita vilimukuta mama kwangu Mabanga, mutaa wa hapo Goma, alikuwa amekuja kuchukua samaki. Siku tatu tulilala chini, yeye na mimi na watoto, katikati ya magunia.

"Hawa samaki wako wananuka," akasema.

"Ndio waliokulisha, mama."

Akacheka kidogo. Nikaona ni saa yake, maana kesho tungeweza kufa. "Mama, ule wembe. Ulinipita."

Akageukia magunia. "Nilikuwa nimetoka kupoteza bwana. Kisha naona mwanamuke mwingine amenichukulia mutoto. Na amekufa, siwezi hata kugombana naye."

"Basi mimi ni mutoto wako?"

"Nani alikuzaa, mimi ao yule?"

"Wewe."

"Unauliza nini sasa?"

Pole hakusema. Na mimi sikuomba.

Siku ya ine bomu lilianguka kwa jirani, tukatoka na watu kwenda upande wa Sake. Njiani tulikunywa maji tuliyoyakuta. Mama akaanza kuhara, na siku ya pili asubuhi akafa kwenye baraza ya shule. Watu nisiowajua walinisaidia kumuzika kando ya barabara, wakachimba kwa masahani, kisha tukaendelea kukimbia. Wadogo zangu nilikuja kuwaona baada ya miezi mine. Niliwaambia tukae, tunyolewe. Mudogo wangu akasema: "Yaya, wakati umepita. Matanga hayana kaburi, hayana wageni, tutanyoa nini?"

Hakuna aliyenyolewa. Watu wananiambia hiyo ni faraja, kwamba kwa mama wote wane tulikuwa sawa. Si faraja. Zamu yangu ya kunyolewa wa kwanza niliingoja miaka kumi na tisa.

Mwaka wa 2002 moto wa mulima ulipita katikati ya muji na kuchoma depo yangu yote ya samaki. Nikaanza tena. Waasi wengine walikuja, wakaenda, wakarudi. Sikuombaomba kwa mutu.

Leo nina hivi. Kiwanja Mabanga, chenye karatasi. Nyumba ya mbao ya vyumba vine, bati jipya upande mumoja. Meza mbili sokoni na mizani moja. Friji kubwa ambayo haina umeme, natunzia chumvi ndani. Watoto watano, wawili wana diploma. Shamba la papa, ambalo ni jiwe tupu: robo yake ni yangu, na kwenye karatasi ya sisi wane jina langu limeandikwa la kwanza. Kuku saba. Masufuria, vitanda vitatu, na miguu inayouma ila inatembea.