Seli Haidai Ushahidi

Julai ile ukungu wa Mlima Meru ulikaa kijijini kwetu Akheri siku nne bila kuinuka, na mke wangu alikuwa amelazwa kitandani na mafua makali. Nilijitahidi kutoogopa. Nilifundisha baiolojia hadi nilipostaafu, nami nilijua kinachotendeka katika njia yake ya hewa: ute hunasa virusi, vijinywele huusukuma juu, kikohozi huutoa. Nilimweleza hayo.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Sasa niletee maji."

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Wanawake huja na maziwa na uji, huketi kando ya kitanda wakizungumza. Mimi niliwazuia getini, kwa kuwa mafua husafiri na pumzi, na kwa kuwa sikutaka kusikia habari za majani ya kujifukiza. Waliacha vyombo vyao, wakaondoka.

Asubuhi ya siku ya nne, jirani yetu mjane, ambaye shamba lake la kahawa linafika karibu na dirisha la chumba chetu, aliniita kutoka migombani.

"Shikamoo, Mwalimu. Mama anapumua vibaya."

"Marahaba. Umemwona?"

"Nimwone wapi, nawe umefunga geti? Nimemsikia dirishani. Anahema kama mtu anayepanda mlima."

"Umehesabu pumzi zake?"

"Kahesabu wewe uliyesoma!"

Nilimjibu kwamba habari isiyo na ushahidi ni uvumi, nikarudi kwenye chai yangu barazani. Nilikuwa nimemwona mke wangu alfajiri, akiwa na nafuu.

Ndipo nilipokumbuka somo langu mwenyewe. Seli iliyovamiwa na kirusi hutuma ishara ya kemikali kwa seli jirani. Hizo hazijakiona kirusi, lakini hapo hapo huanza kutengeneza protini za kukizuia kisiingie wala kisizaliane. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Na kama jirani amekosea?" Nilimjibu kwa ukali: seli inayongoja uhakika hufa.

Niliiacha chai. Niliingia chumbani. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na mbavu zilizama kila alipovuta hewa. Alitaka kusema neno, likakatika katikati. Nilianza kuhesabu pumzi zake, nikapotewa na hesabu kwa hofu, nikakimbilia dirishani.

"Jirani! Njoo!"

Alikwisha kupenya uani, kanga kaifunga kiunoni. "Gari la kumpeleka hospitali linatoka Usa River. Nilipiga simu kabla sijakuita."

"Kabla?"

"Ningekungoja wewe?"

Hospitalini walimvisha barakoa ya oksijeni. Daktari aliniuliza kupumua kulibadilika tangu saa ngapi. Mimi niliyelala chumba kimoja naye sikujua.

"Muulize huyu," nilisema, nikimwonyesha jirani tuliyekuja naye.

Jirani akaeleza, na daktari akaandika kila neno. Mke wangu alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Hata sasa, akilala, mimi husimama mlangoni nikisikiliza pumzi zake.