Siku Niliyotangaza Injini Imeibiwa

Nawaambieni leo kwa sababu mtaani mmeshasikia nusu yake, tena ile nusu mbaya, maana tangu siku ile nikipita sokoni Palma watoto wananiita Injinyeru, injinia mzima, nami naitika, nifanyeje.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Pikipiki tu. Lakini nilikuwa nimempenda Atija, mjane anayeuza chakula karibu na soko, na jawabu la posa lilikuwa kwa kaka yake, Bwana Saíde, muuza saruji na mabati. Basi Bwana Saíde akapata wazo la hekima kabisa: kununua gari la kifahari la mbio, la milango miwili, kwa barabara zetu hizi ambazo hata trekta linapita likilalamika. Dalali mmoja akamletea mawili juu ya lori kutoka Nampula, jekundu la Kitaliano na jeusi la Kijerumani, achague.

"Momade, haya magari wewe unayajua?" akaniuliza.

Jibu la kweli lilikuwa neno moja. Mimi nikasema, "Shemeji, hayo nimeyafungua mpaka nimeyachoka." (Shemeji! Posa yenyewe haijajibiwa.)

Asubuhi watu wamejaa mbele ya duka, Atija naye yupo, mimi na ovaroli safi na kalamu sikioni nikaanza kulinganisha kwa sauti ya profesa: hili viti vyake ngozi laini, lile matairi mapana, hili linanguruma kama simba, lile kama simba mwenye mafua. Watu wanatikisa vichwa, wamekubali. Ningeishia hapo saa hizi ningekuwa nimeoa. Lakini nikafungua boneti ya lile jekundu, nikachungulia, ndani tupu, kishimo tu cha kuwekea begi, nikapiga kelele: "Wezi! Injini wameing'oa!" (Gari ambalo dakika mbili kabla nimelisikia likinguruma.)

Bwana Saíde akamkunja dalali shati, kijana akatumwa kuita pulisi, kina mama wakaanza kuilaani Nampula nzima. Dalali, jasho linamchuruzika, akazunguka nyuma akainua kifuniko: injini imetulia, inang'aa.

"Fundi," akasema, "gari hili injini yake huwa nyuma."

Wa kwanza kucheka alikuwa Atija.

Mwenye akili angekwenda nyumbani. Mimi nikasema bado lile jeusi, lazima lijaribiwe barabarani, nikashika usukani, Bwana Saíde pembeni, tukashika njia ya Quitunda. Hatukufika. Nilimkwepa mbuzi nikaingia mchangani, na gari lile, ambalo tumbo lake liko chini kama la kenge, likalala. Nikakanyaga mafuta (wataalamu ndivyo tunavyofanya), likazidi kujizika, bampa ikang'oka. Wanawake waliokuwa wanatoka shamba wakatuchimbua kwa majembe. Bwana Saíde alitokea dirishani, kofia imejaa mchanga, akaniambia taratibu: "Mimi si shemeji yako."

Dalali aliondoka na magari yake yote mawili, bampa nimeirudishia mwenyewe bila malipo. Baada ya wiki nikajikaza, nikaenda kwa Atija kuomba radhi.

"Ungesema hujui," akasema, bila kuacha kukuna nazi, "kaka angekuheshimu."

"Na sasa?"

"Sasa kaa kwanza, unanizibia wateja."

Nikakaa. Na nimeapa: mtu akiniuliza habari ya kitu chochote chenye magurudumu zaidi ya mawili, nasema sijui, tena kabla hajamaliza swali.