Shimo la Mtungi Pale Ndalu

Phelista Nangila aliolewa Ndalu na mtu mwenye mtungi, si mwenye nyumba. Nyumba yenyewe, klabu ya pombe ya busaa iliyo kando ya barabara, ilijengwa na mzungu mmoja mkulima ili wenzake wapate mahali pa kulewa. Wazungu walipoondoka zikabaki kuta na paa la vigae vya mbao za mwerezi. Wazee wakaleta mtungi na mirija yao mirefu, wakauzunguka rika kwa rika. Miaka ikapita, mtungi ukajichimbia shimo lake katika udongo wa sakafu. Phelista alipofiwa na mumewe, alirithi mtungi na shimo.

Mwaka wa 2006 Gichuki, mwenye kiwanja, alisema wazi kwamba angeibomoa klabu ajenge ghala la mahindi. Phelista akaanza safari za Kitale, kwenye ofisi ya majengo ya kale. Alikwenda mpaka mlinzi wa langoni akaacha kumuuliza jina. Mwishowe afisa aitwaye Kiplimo akakubali kuja Alhamisi. Nyumba ikionekana ni ya kale kweli, alisema, itaorodheshwa na serikali, na hakuna atakayethubutu kuigusa.

"Alhamisi mgeni wa serikali anakuja kuangalia nyumba yetu," Phelista aliwaambia wazee. "Akiipenda, tumepona."

Akaishia hapo. Kesho yake akaenda Chwele kutafuta wimbi wa kimea cha pombe, akalala siku mbili kwa dada yake.

Aliposhuka kwenye bodaboda Alhamisi asubuhi, paa lilimmulika machoni. Mabati mapya. Kuta zilikuwa zimepigwa plasta na rangi ya samawati.

"Shemeji!" Wekoye, ndugu wa marehemu mumewe, alimpokea kwa mikono iliyojaa saruji. "Si unaona? Tumechangishana, bana. Ati mgeni aingie nyumba haijakandikwa? Watatusema mpaka Tongaren!"

"Vigae viko wapi?"

Wekoye alielekeza kidevu jikoni. Moshi ulinukia mwerezi. "Kuku wa mgeni anaiva. Hizo mbao zinawaka hata bila mafuta ya taa!"

Phelista aliingia ndani. Hata shimo la mtungi lilikuwa limezibwa, saruji imelainishwa kwa mwiko. Mkono ulimwasha kupiga mtu. Lakini ampige nani? Si yeye mwenyewe aliyesema akiipenda?

Kiplimo alifika, akatazama paa, akagonga ukuta kwa kidole.

"Mama, uliniambia nyumba ya zamani."

"Ilikuwa ya zamani mpaka juzi."

Afisa alicheka, kisha akauona uso wake. Akaeleza kwa upole kwamba hawezi kuorodhesha kitu ambacho hakipo tena. Wazee, ambao hawakusikia hayo, hawakukubali aondoke na njaa. Alikula paja, akalamba vidole.

"Huyu kuku ana harufu nzuri ajabu. Mnatumia kuni gani?"

Phelista alitoka nje.

Gari la mgeni lilipotoweka, Wekoye alimfuata mbio. "Kwa hivyo ameipenda?"

"Amempenda kuku."

Akachukua jembe, akarudi ndani, akaanza kukwangua saruji pale katikati.

"Wewe shemeji! Haijakauka!"

"Ndiyo maana naharakisha."

Alikwangua mpaka akaufikia udongo mweusi. Akauleta mtungi, akauzungusha huku na huku mpaka ukatulia.

"Leteni mirija," aliwaambia wazee. "Gichuki akija na watu wake, atukute tumeketi."