Pikipiki Nyembamba ya Mkwe wa Ravna

Mimi ni mtu wa nyuma. Sisemi kwa unyenyekevu, maana huo hata mke wangu atakwambia sina. Nasema kwa sababu ndipo nilipokaa tangu nioe. Kundi la kulungu wetu wa nchi ya barafu likihama, kuna anayetangulia na kuna anayefuata. Anayetangulia ameshika kamba ya maksai mmoja mpole, yaani dume la kulungu lililohasiwa, anaendesha pikipiki yake ya theluji mwendo wa mtu anayetembea, na kundi zima linamfuata yule maksai. Anayefuata anazunguka huku na huku, anawasukuma wavivu, anaokota sufuria zilizoanguka kwenye matela, na anameza moshi wa kila mtu. Huyo wa pili ndiye mimi, Jovnna, mkwe wa Ravna wa Kautokeino, kaskazini ya mbali.

Mbele alikuwa mama mkwe mwenyewe. Aliliongoza kundi la ukoo wake kutoka bara hadi pwani, kila theluji inapokaribia kuisha, tangu enzi ambazo mimi nilikuwa bado nafungwa vifungo vya koti na mama yangu. Si mtu wa maneno. Akikunja uso, mbwa wanaingia chini ya tela, na mimi huwa naangalia kama pamebaki nafasi.

Sasa mwaka jana, mwezi wa tatu, tumekaa kwake tunakula nyama na uboho, akaweka kisu chini.

"Goti limekataa," akasema. "Safari hii siendi mbele. Ataongoza mmoja wenu."

Akatutazama mimi na Risten, binti yake, yaani mke wangu.

"Nitamtaja siku ya kuondoka. Na akishaongoza akaweza, basi ni wake. Sitaki mambo ya kupokezana kama zamu ya kuosha vyombo."

Risten akaendelea kugonga mfupa wake. Mimi moyoni nilikuwa nimeshaanza kuongoza. Nilijiona kule mbele, mgongo umenyooka, kundi zima nyuma yangu, na majirani wakiulizana yule ni nani. Kwamba wametajwa watu wawili, mimi nilisikia mmoja tu.

Mambo yakajileta yenyewe, maana wiki ileile injini ya pikipiki yangu ilikufa. Ilikuwa imeshafufuliwa mara nyingi mno, safari hii ikakataa kabisa. Tukaenda mjini mimi na Risten kununua nyingine, na fundi muuzaji, Torgeir, mtu wa ndevu na maneno, akatupeleka kwenye mbili zilizosimama sambamba.

"Hii pana ni ya kazi," akasema, akiipigapiga kiti. "Ina gia ya kutambaa, ina rivasi, inakaa watu wawili, na ukifunga tela zito nyuma haishtuki. Ina rejeta na feni yake. Tambaa nayo kutwa, haichemshi."

"Na hii?"

"Hii nyembamba ni ya milimani. Theluji laini ikikufika kiunoni, yenyewe inapanda tu. Nyepesi. Ila ni ya mtu mmoja, na tela haivuti. Halafu kitu kimoja, Jovnna. Hii inapozwa na theluji inayorushwa na mkanda wake, huu wa chini unaoisukuma. Lazima theluji iwe laini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," nikasema. Nilikuwa naangalia rangi. Ilikuwa ya machungwa.

Risten akanivuta kando. "Baba Inga, chukua ile pana."

"Kwa nini?"

"Mtu wa mbele anakwenda polepole. Asubuhi theluji ina ukoko, imekaza. Hiyo nyembamba itapata wapi theluji laini? Utaiunguza."

"Mama Inga, mtu wa mbele lazima apande vilima, atazame njia, arudi. Hiyo pana ni ya wazee."

"Mama yangu ameongoza na pana miaka yote."

"Si ndiyo maana nasema."

Hilo la mwisho nililisema chinichini. Kautokeino huwezi kumsema Ravna dukani halafu ukafika nyumbani kabla ya maneno yako.

Torgeir akaniruhusu niijaribu nyembamba nyuma ya duka. Usiku uliotangulia ilikuwa imeanguka theluji mpya, laini kama unga. Nikapanda tuta, nikalala ubavu, nikageuka, nikarusha theluji mpaka kwenye madirisha. Mimi, mtu wa kupakwa dawa ya mgongo kila jioni. Niliposhuka nilishika kiuno, nikasema ni baridi. Risten alinitazama, akavaa glavu zake moja moja.

"Wewe ulichagua toka nyumbani," akasema, akaenda kukaa garini.

Kesho yake akaja shemeji yangu Heaika, kaka yake Risten, akaizunguka pikipiki mikono mfukoni.

"Shemeji, umenunua usafiri au umenunua ujana?"

"Vyote viwili."

"Huo ujana wamekupa na dhamana?"

Nikamwambia ana wivu. Nilimwambia hivyo kila siku mpaka tulipoondoka, na kila siku alikubali kwa kicheko.

Siku ya kuondoka Ravna alikaa kwenye tela, amefunikwa ngozi mpaka kidevuni. Risten ndiye aliyemvuta, kwa pikipiki ya kijivu ya mama yake, ile pana ya zamani. Mama mkwe aliitazama yangu ya machungwa kitambo.

"Hiyo ndiyo yako?"

"Ndiyo, mama."

"Nzuri. Mwenye hiyo hapotei."

Kisha akamtazama binti yake, na binti akatazama usukani. Kilipita kitu kati yao ambacho mimi, mtu mwenye mawazo yake, sikukishughulikia.

"Jovnna atangulie," Ravna akasema.

Siku ya kwanza ilinidanganya. Mawingu yalikuwa chini, theluji ilikuwa inaanguka taratibu, njia yote laini, na pikipiki ikatambaa bila kunung'unika. Nilishika kamba ya maksai wetu mweupe, nikageuka nyuma, nikaona pembe tupu hadi mwisho wa macho. Nilifurahi. Sina sababu ya kuficha, nilifurahi mpaka nikasahau kuangalia njia. Tulipopumzika nilimweleza Heaika jinsi ya kuongoza kundi, kwa kirefu, naye akanisikiliza huku anakata nyama kavu.

Usiku ule mawingu yakaondoka, baridi ikaja kwa hasira. Asubuhi theluji ilikuwa imefanya ukoko ambao ungeweza kuegesha lori juu yake. Kwa kulungu ni njia safi, wanatembea bila kuzama. Ukitaka kuvuka mto ulioganda kabla barafu yake haijakatika, na majike wana mimba nzito, ndiyo hali unayoiombea. Nikashika kamba, nikatangulia na kifua changu.

Hatukufika mbali taa nyekundu ikawaka. Nikajifanya sijaiona. Ikaanza kupiga kelele, nikajifanya sijaisikia. Halafu pikipiki ikazima yenyewe, na harufu ikanijia ya kitu kilichosahauliwa jikoni.

Kundi likasimama. Nilichukua kikombe changu cha kahawa nikaanza kukwangua ukoko, nikipata vijiko viwili vitatu vya theluji, namwagia huku na kule. Ilikuwa inafanya mvuke. Heaika akaja kutoka nyuma kuona kuna nini.

"Shemeji, unapika?"

"Toka hapa."

"Mimi sina haraka. Ila majike yanageuza vichwa. Na ng'ambo ya kilima kile kuna kundi la jirani."

Hilo nililijua. Makundi mawili yakichanganyika ni siku nyingi zizini, kuvuta masikio kutazama alama za wenyewe, majike yenye mimba yakikanyagana. Hakuna mtu anayesahau nani aliyesababisha. Ravna alikuwa amekaa kwenye tela lake, ananitazama, na mimi nikaona ile nafasi ya mbele inaniteleza mchana kweupe.

Basi nikapata wazo. Nilifikiri, nikiwasha na kubana mafuta kwa nguvu, mkanda utachimba ukoko, theluji itaruka, itapoa. Na ili maksai asinikimbie, nikajizungushia kamba mkononi. Hebu nifikirie mimi, mfugaji, mtoto wa wafugaji, nimejifunga kwa mnyama halafu nawasha kelele.

Nilibana. Mkanda ukateleza, ukarusha vipande vya barafu, injini ikalia kama inachinjwa. Maksai akaruka. Nilitoka kwenye kiti nikiwa bado nimekaa, nikaanguka kwa tumbo, na maksai akanichukua. Alinipitisha juu ya ukoko wote na mbele ya ukoo wote. Nilimpita Heaika. Nilimpita mama mkwe, macho yetu yakakutana. Mbwa walinisindikiza kwa furaha. Mwishowe glavu ikachomoka, ikaenda na kamba, nami nikabaki nimelala, nina mkono mmoja wa moto na mmoja wa baridi.

Nilipoinua kichwa, kundi lilikuwa limeanza kupasuka, sehemu inaelekea kile kilima. Heaika akakimbilia kule kulizuia, akienda taratibu kwa upande. Risten alizima injini. Akafungua tela, akamsaidia mama yake kushuka, akamkalisha kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki ya kijivu. Kisha akamwendea maksai kwa miguu, mkono mmoja umeshika konzi ya malisho makavu, anamwimbia kwa sauti ya chini. Hakuharakisha. Maksai alimtazama, akapumua, akamfuata mdomo ukiwa kwenye kiganja chake. Aliitoa glavu yangu kwenye kamba, akaiweka mfukoni.

Alirudi, akapanda mbele ya mama yake, akawasha, akaweka ile gia ya kutambaa. Pikipiki ya kijivu ikaanza kwenda, polepole, haina habari na ukoko. Maksai akaenda. Jike moja likaenda, na la pili, kisha wale waliokuwa wameelekea kilimani wakageuza vichwa, wakashuka kujiunga. Nilikaa kwenye pikipiki yangu iliyozimika na kundi lote likanipita, miguu inalia ko-ko-ko, hakuna aliyenitazama hata mmoja. Nilitamani nikae hapo mpaka theluji iyeyuke.

Lakini sufuria ilikuwa imeanguka, na kazi yangu ni kuokota sufuria. Nikawasha. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hata sasa Heaika akilisimulia hucheka mpaka anashika mti. Kwato za kundi zima zilikuwa zimeuvunja ule ukoko. Njia yote waliyopita ilikuwa theluji laini iliyochangukachanguka. Mkanda ukairusha, taa nyekundu ikazima, na ile pikipiki ya machungwa ikaenda kwa raha zake kutwa nzima. Kati ya mashine zote duniani, mimi nilikuwa nimechagua ile inayofaa kukaa nyuma ya kulungu.

Tulipopumzika, kila mtu alikuwa na upole kwangu, na huo ndio ulionikera zaidi. Heaika alinipa kipande kizuri cha nyama bila kusema neno, nikajua anaumia kwa kujizuia. Risten alikuwa kule anamfungua maksai. Nikaenda kukaa karibu na mama mkwe, kwenye moto.

"Nisamehe, mama. Umenipa nafasi, nimekuaibisha."

"Sikukupa mimi," Ravna akasema.

"Ulinitaja wewe."

"Nilitaka kumtaja yeye. Jana yake akaja kwangu. Akasema, mpe Jovnna, ametamani sana, itamvunja moyo. Nikamwambia, na wewe? Akasema, mimi nitavuta tela." Akachokonoa moto kwa kijiti. "Nikamwambia mumeo amenunua pikipiki ya kuruka. Akasema alikukataza."

Maneno ya dukani yalinirudia yote, moja baada ya jingine. Mke wangu alikuwa anataka nafasi ileile, na bado alisimama pale akinichagulia mashine ambayo ingemnyima nafasi hiyo milele. Mimi nikamjibu kuhusu wazee. Niliona aibu ambayo kule kuburutwa kwa tumbo hakukuifikia.

Risten akaja, akakaa, akatoa glavu yangu mfukoni akanirudishia. Nilimmiminia kahawa, nikatia humo vipande vya jibini anavyovipenda, kama ilivyo desturi yetu.

"Mama Inga, kwa nini hukuniambia kama unataka kuongoza?"

"Ulishawahi kuniuliza?"

Tumeoana tangu Inga hajazaliwa, na sasa Inga yuko shule ya bweni mjini Alta, ananizidi urefu. Nilitafuta katika miaka yote hiyo, sikupata hata siku moja.

"Basi nakuuliza. Unataka?"

Aliangalia kwanza kama mama yake anasikia. Ravna alikuwa amefumba macho, anajifanya amelala.

"Nataka," Risten akasema. "Tangu nikiwa mtoto, wananifunga kwenye tela na ngozi, naangalia mgongo wa mama kule mbele. Nilikuwa naogopa kulala, nisije nikaamka nikakuta hayupo."

Asubuhi iliyofuata nilimshikia Risten maksai mpaka alipokaa vizuri kitini, nikampa kamba mkononi, nikaenda nyuma.