Fomu Niliyoijaza Ndani ya Gari

Nilizaliwa Runyenjes, mahali ambapo watu hawafikirii maji. Yanashuka kutoka mlimani, yanapita nyuma ya mashamba ya chai, na mama alikuwa akitugombeza tukiacha mfereji wazi, si kwa kuogopa yataisha bali kwa sababu yaliharibu njia. Huenda ndiyo maana niliweza kufanya nilichofanya. Lakini hicho ni kisingizio tu.

Nafanya kazi Meru mjini, katika shirika dogo linalotengeneza visima. Kazi yangu ni kutangulia. Mimi na dereva tunashika barabara ya Moyale kutoka Isiolo, tunasimama kila kijiji, nakagua pampu na kujaza fomu. Mafundi huja baadaye na fomu hiyo mkononi. Palipoandikwa "mbovu" wanatengeneza. Palipoandikwa "nzima" wanapita.

Ijumaa hiyo tulikuwa tunarudi, kimebaki kijiji kimoja kabla ya kufika Laisamis, nyumba chache za mviringo mbali kidogo na lami. Kesho yake dada yangu alikuwa anaolewa, na nilikuwa nimeahidi kufika nyumbani mapema kumenya viazi na shangazi zangu. Kando ya barabara niliona mitungi ya manjano imepangwa, na wanawake wawili wameketi karibu nayo.

"Tuingie, madam?" dereva akauliza.

"Si wanateka maji, huoni mitungi? Hapa pako sawa."

Nikatia alama kwenye "nzima" gari likiwa mwendoni. Dereva alinitazama mara moja, kisha akatazama barabara. Harusi ilifana. Nilicheza mpaka viatu vikaniuma.

Miezi mitano baadaye tulirudi kukagua kazi ya mafundi, na safari hii nilishuka. Tulipokewa na mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja mrefu, mwenye shanga zilizojaa shingoni. Kiswahili chake alikiokota sokoni, changu nilikipata shuleni, tukaelewana. Alinipeleka kwenye pampu. Mpini wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ili watoto wasiuchezee.

"Iliharibika lini, mama?"

"Kabla ya ile mvua ya mwisho. Mafundi walipita hapa. Tulisimama barabarani tukawapungia mkono. Wakasema, yenu ni nzima, imeandikwa kwa karatasi. Wakaenda."

Nikauliza kuhusu mitungi ya barabarani, ingawa nilishaanza kuogopa jibu.

"Tunaomba malori maji. Dereva mwenye roho anasimama. Wengine wanapita tu."

Hakuwa akinisema mimi, hakujua. Akaendelea kunieleza kwamba malori yasiposimama walikwenda laga, mto mkavu, wakachimba mchanga mpaka unyevu utokee. Kwenda na kurudi ni asubuhi nzima. Punda wake, jike mwenye mimba, alianguka njiani na mizigo mgongoni, hakuinuka tena.

"Nani aliandika hivyo?" akauliza.

"Ni makosa ya ofisi, mama. Pole sana."

Akakubali. Akatupikia chai. Nilijua maji yale yametoka wapi, lakini kuikataa chai kungekuwa tusi. Nilipomaliza kikombe, akaniongezea.

Tulikuwa njiani kurudi Meru, tumeshaupita mji wa Laisamis, dereva alipofungua mdomo.

"Madam, ofisi ni nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nilimwambia ageuze gari.

Tulimkuta ameketi kwenye kigoda, anapangusa vikombe vya chai. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba ni mimi, kwamba sikushuka, kwamba niliona mitungi nikajiambia nilichotaka kusikia.

"Ulikuwa na haraka ya wapi?"

"Harusi ya dada yangu."

"Harusi ni jambo kubwa," akasema. Kisha, "Mbona hukusema tukinywa chai?"

"Niliona aibu."

Akavuta kigoda kingine, akakiweka karibu na chake. "Mimi sijui kusoma. Keti hapa, andika tena. Kila unachoandika unisomee."

Nikaandika, nikamsomea. Alinisahihisha mara mbili: idadi ya nyumba, na mwezi ambao pampu ilikufa. Nilipotia sahihi alisema, "Sasa nendeni," akaingia ndani.

Mkubwa wangu nilimweleza pia. Alinipa barua ya onyo, nikaona ni adhabu ndogo. Mafundi walifika wiki ya pili, na pampu inatoa maji hadi leo. Nimeuvuta mpini wake kwa mikono yangu.

Siku hizi nashuka kila kijiji. Nikifika pale, wanawake wananizunguka wakinishukuru kwa kuwaletea mafundi, wananishika mikono, wananiombea. Yule mama hakuwaambia. Yeye husimama pembeni akisikiliza, nami huitikia, "Asanteni, asanteni," huku nikishindwa kumtazama.