Salamu ya Mkono wa Kushoto

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya vumbi jekundu lililoguswa na mvua ndiyo harufu ya Jumamosi za utoto wangu. Baba aliwasha pikipiki nje ya jiko kabla chai haijachemka, akaiacha ingurume peke yake, nasi ndani tukavuta moshi wake tukaona kwamba siku imeanza vizuri. Tulikaa Bura, chini kidogo ya misheni, na Baba alikuwa mwalimu wa dini. Alikuwa amepewa pikipiki ile nyekundu, iliyokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yake, ili azungukie vikanisa vidogo vya tambarareni, kutoka Mwatate hadi Voi, na mara moja kwa mwezi kupanda mlima wa Sagalla. Mwaka nilipotimiza miaka tisa alianza kunichukua. Sikuchukuliwa kwa kupendelewa, ingawa kaka zangu hawajalikubali hilo mpaka leo. Nilikuwa na sauti, na katika vikanisa vile walikuwapo watu wenye imani nyingi lakini hakuwapo wa kuanzisha wimbo. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma, kuulinda mfuko wa vitabu vya nyimbo usidondoke, na tukifika, kufungua kinywa.

Pikipiki zilikuwa chache siku hizo. Kati ya Bura na Voi tulikutana na tatu au nne, na wenyewe tuliwajua wote: bwana afya, fundi wa pampu za maji, msimamizi wa mashamba ya mkonge, na Bwana Mwadime wa idara ya mifugo, ambaye sisi watoto tulimwita Bwana Mifugo. Hakuna aliyempita mwenzake bila kumsalimia. Aliyekuona kwa mbali aliinua mkono wa kushoto, nawe ukainua wa kwako, mkapishana katika vumbi. Nyanya yangu hakuipenda desturi hiyo hata kidogo. Kwetu kumpa mtu mkono wa kushoto ni kumdharau, na mwanawe alikuwa akiwapungia watu wazima kushoto mchana kweupe. Alimwambia, "Wewe unafundisha watoto wa watu amri za Mungu, na adabu ya mkono ilikushinda." Baba akamjibu kwa upole, "Mama, wa kulia umeshika mpini wa mafuta. Nikiuachilia, nitawasalimia nikiwa mtaroni." Nyanya akasema basi afadhali mtaroni, lakini alicheka.

Salamu ile haikuwa adabu tu. Njia ilikuwa ya udongo, na habari zake zilikuwa mikononi mwa aliyetoka huko unakokwenda. Mkono ukiinuliwa na kushushwa, njia ni nzuri. Kiganja kikilazwa na kusukumwa chini polepole, mto umejaa au daraja limeliwa na maji. Mkono ukining'inizwa mbele ya uso na kuyumbishwa kama mkonga, kuna ndovu barabarani. Asiyejibu alihesabiwa kuwa hajaona, na asiyeona hufuatwa akaambiwe kwa mdomo. Baba alinifundisha ishara hizo kabla hajanifundisha kusoma saa. Alinifundisha pia kuinua mkono wangu baada ya wake, si kabla, kwa sababu mwenye kuendesha ndiye husalimu kwanza na abiria humfuata.

Mwaka huo, mvua za vuli zilipoanza, ng'ombe wetu alikufa. Alikuwa mmoja tu, mweusi mwenye doa shingoni, na maziwa yake ndiyo tuliyonywa asubuhi na ndiyo Mama aliyompelekea Nyanya kwenye kibuyu. Bwana Mifugo alikuja kuchanja ng'ombe wa kijiji, akamchoma na wetu sindano, na siku ya tatu tukamkuta amelala upande, macho wazi. Baba hakupiga kelele wala hakwenda kushtaki. Alisema tu kwamba yule mtu ni mzembe. Jumamosi iliyofuata tulikutana na Bwana Mifugo karibu na Mwatate. Aliinua mkono, nami nikangoja wa Baba uinuke ili nifuate. Haukupanda. Baba aligeuza uso akatazama mkonge kana kwamba anahesabu mistari yake. Tulipofika alisema, bila kunitazama, "Yule hatumsalimii tena. Umesikia?" Nikasema nimesikia.

Nilisikia, lakini sikuweza. Mtu alikuwa ameinua mkono, na mkono ule ukabaki hewani peke yake mpaka ukashuka wenyewe, kwa aibu, juu ya usukani. Sijui kama mtoto wa leo angeona hilo kuwa jambo. Kwangu lilikuwa jambo. Wiki ya pili, Baba alipogeuza uso kwenye mkonge, niliinua mkono wangu mdogo nyuma ya mgongo wake. Bwana Mifugo aliuona. Akanijibu, tena akatabasamu, na meno yake yakawa meupe katika lile vumbi. Tangu hapo ikawa hivyo kila Jumamosi. Mbele Baba akihesabu mkonge, nyuma mimi nikisalimia. Nilijua ni kuvunja amri ya mzazi, na sikuwa mtoto wa kulichukulia hilo kwa wepesi. Nililiombea kila jioni. Nilijua pia kwamba siku Baba akigundua, safari zangu zimekwisha: nitabaki nyumbani kuchuma mboga, na nyimbo zitaanzishwa na mzee mmoja wa Voi ambaye alianza kila wimbo juu mno kiasi cha kuwaacha wenzake wote chini.

Siku ninayoikumbuka zaidi tulikuwa tukirudi kutoka Voi, jua likiwa bado juu ya vilima. Mvua ilikuwa imenyesha, na nyasi zilikuwa zimerefuka hadi kando ya barabara. Tulipoukaribia mkonge nikaona pikipiki ya Bwana Mifugo ikija kutoka Mwatate. Baba akageuza uso, kama kawaida. Nikainua mkono. Bwana Mifugo hakuinua wake juu. Alipunguza mwendo, akauning'iniza mbele ya uso, akauyumbisha, akauyumbisha tena, akinitazama mimi. Kisha akapita.

Mbele yetu palikuwa na kona, na baada ya kona palikuwa na mkondo wa mto mkavu uliofunikwa na vichaka. Nilielewa kila kitu, nami nikanyamaza. Naandika hivi bila kujificha: nilinyamaza kwa urefu wa ubeti mzima, nikiupima mgongo wa Baba na adhabu yangu, huku kona ikisogea. Mwishowe nikalivuta shati lake kwa mikono miwili.

"Baba, simama. Kuna ndovu."

"Wapi?"

"Mbele, baada ya kona."

"Umewaona?"

"Sikuwaona. Nimeambiwa."

"Umeambiwa na nani, humu barabarani?"

"Na Bwana Mifugo. Mimi humsalimia."

Baba alizima injini. Wakati pikipiki ilipokuwa ikinguruma hatukusikia lolote. Sasa tulisikia matawi yakivunjika, karibu sana, na mlio mzito ambao niliuhisi kifuani kabla ya kuusikia masikioni. Kisha ndovu jike akatoka vichakani akasimama katikati ya barabara, penye kona yenyewe, na mtoto wake chini ya tumbo. Upepo ulikuwa ukitujia kutoka kwake, kwa hiyo hakutunusa. Baba aliniweka nyuma yake, akaishika pikipiki kwa mikono yote miwili, na nikamsikia akisali kwa Kidawida, lugha ya kwetu, aliyoitumia kusali pale tu ambapo hapakuwa na nafasi ya kupanga maneno. Ndovu yule alisimama, akapanua masikio, akayashusha. Wengine wakapita nyuma yake mmoja mmoja.

Wakati huo tukasikia pikipiki nyuma yetu, kisha ikanyamaza kwa mbali. Bwana Mifugo alikuwa amegeuza. Alikuja akisukuma pikipiki yake kwa miguu, polepole, bila kuiwasha, mpaka akafika kando ya Baba. Hakusalimia. Alisema kwa sauti ya chini, "Sikujua kama mtoto ameelewa. Wewe hukujibu."

Baba akasema, "Ameelewa."

Tukakaa watatu kando ya njia tukingoja ndovu wamalize. Hapakuwa na kingine cha kufanya, na nadhani Mungu alipanga ndovu wale wawe wengi. Baada ya muda Bwana Mifugo akasema, akiwa bado anatazama mbele, "Mwalimu, ng'ombe wako alikuwa mgonjwa kabla sijamchoma. Tezi zilikuwa zimevimba. Nilikosea kutokukuambia siku ile ile. Niliona watoto wamesimama pale wakimshika mkia, nikashindwa. Nilikuja kwako mara mbili kukueleza. Nikaambiwa unasali."

"Nilikuwa nasali," Baba akasema.

"Mara zote mbili?"

Baba akapangusa vumbi kwenye tangi la pikipiki. "Ya pili nilipiga magoti nilipoisikia pikipiki yako."

Bwana Mifugo alicheka hadi akajiziba mdomo kwa mkono, akihofia ndovu. Baba naye alicheka, kwa pua, machozi yakimlengalenga. Kisha akafanya jambo ambalo nimelibeba maisha yangu yote. Alimpa mkono, wa kulia, kwa kuwa sasa haukuwa umeshika chochote, akamwomba msamaha mbele yangu mimi mtoto. Bwana Mifugo naye akamwomba wa kwake. Barabara ilipokuwa tupu, kila mmoja aliwasha yake. Niliingoja adhabu yangu njia nzima hadi Bura. Tulipofika Baba alinishusha, akaupokea ule mfuko wa vitabu, akasema, "Kunificha ulikosea. Kumsalimia hukukosea. Jumamosi uwe tayari mapema." Basi.

Leo barabara ile ni ya lami, na pikipiki haziwezi kuhesabika. Baba alipumzika zamani, na Bwana Mwadime pia. Walizeeka wakiitana ndugu. Nasikia watu wa rika langu wakisema kwamba vijana wa bodaboda hawana salamu, na huwa nawaacha waseme, kwa kuwa wao hupanda magari. Mimi nilifundisha shule miaka mingi, sasa nimestaafu, na Jumapili hubebwa na baba mmoja wa watoto wawili, mtu makini, anayeniita Mwalimu. Nikiwa nyuma yake naona. Wakipishana huinua kidole, huwasha taa, hutingisha kichwa, hugusa honi mara moja. Ishara ya mkonga bado ipo, ingawa huonekana mara chache. Ya kuonya kuhusu polisi ndiyo ya mara nyingi: hugonga juu ya kofia ngumu mara mbili.

Miezi michache iliyopita dereva wangu alikosana na mwenzake wa stejini kwa sababu ya abiria. Tulipokutana naye njiani, wangu akageuza uso kwenye mkonge. Mgongo wake uliniambia yote. Nikainua mkono nyuma yake. Yule mwingine akashangaa kidogo, kisha akagonga kofia yake mara mbili.

"Mwalimu," dereva akaniuliza tulipokwenda kidogo, "umemsalimia huyo?"

"Nimemsalimia. Amesema polisi wako mbele, na kofia yako naiona imening'inia kwenye usukani."

Akasimama. Akaivaa, akaifunga kidevuni, akaikagua na yangu. Sikumsimulia habari za ndovu wala za Baba. Nimejifunza kwamba mambo kama hayo hayaharakishwi, na umri wangu unaniruhusu kungoja. Jioni, tukirudi kutoka kanisani, nikaiona pikipiki ya yule mwenzake ikitujia upande wa Mwatate. Nikakaza mfuko wangu, nikatulia. Mkono wa kushoto wa dereva wangu ukaachia usukani. Haukupanda juu, ulifika tu usawa wa kioo cha pembeni, lakini ulifika. Ndipo nikainua wangu, baada ya wake, kama nilivyofundishwa.