Umande wa Tumbaku

Leo sokoni Kasulu nimepitiwa na harufu ya tumbaku mbichi, na mkono wangu umekwenda wenyewe kujifuta shingoni.

Utotoni, Mama alitukataza kuchuma tumbaku kabla umande haujakauka. Mimi nilitaka kuwahi mpira, nikamtwika mdogo wangu wa kike majani mabichi mabegani, maji yakimchuruzika hadi miguuni. Tulipofika nyumbani alitapika, akayumba, akaanguka mkekani.

"Mtoto huyu amelogwa," jirani akasema.

Nikawaacha waamini hivyo. Niliogopa fimbo kuliko nilivyomwogopea yeye.

Mama akanikazia macho. "Wewe mwana, mlikuwa wapi?"

"Shambani," nikasema mwishowe. "Nilimbebesha majani yenye umande."

Hakunipiga. Alimvua nguo iliyolowa, akamwosha kwa sabuni na maji mengi, tangu shingoni hadi kwenye mikwaruzo ya miguu. Kisha akakigonga kiganja changu.

"Hiki kimeota sugu, hakipitishi kitu upesi. Shingo yake ni laini, na miguu imechubuka. Sumu ya tumbaku ikilowa hupenya ngozi kama maji kwenye chungu kipya."

Jua lilipopinduka, mdogo wangu akafumbua macho. "Ugali uko wapi?"

Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio. Mdogo wangu alimaliza ugali wake wa muhogo, akavuta na wangu, akaninyooshea kidole chenye mchuzi.

"Kesho utabeba wewe, muuaji!"

Wote wakacheka. Mimi nilicheka huku nalia, na siku ile nilishinda na njaa nikijiona nimeshiba.